Stempu za Dresa Athanas

“Bwana Dresa, kwa nini stempu zako hulambi mwenyewe?”

Aliyeuliza alikuwa Zipora, mtoto wa darasa la kwanza, miguu mitupu, Jumamosi moja ya mwaka 1948, mbele ya wachimba dhahabu wapatao ishirini waliojipanga kwenye zahanati ya kambi yao, upande wa Rwamgasa. Swali lilikuwa halali kabisa. Kila mtu katika mstari ule alikuwa nalo kichwani, lakini watu wazima wana tabia ya ng'ombe: wanalimeza swali mchana, wanaenda kulicheua nyumbani.

Dresa Athanas alimtazama yule mtoto kama mtu anavyomtazama inzi aliyetua kwenye ugali wa jirani: si ugali wake, wa nini kujisumbua. Halafu akanyoosha mkono kando bila kugeuza shingo, stempu ikiwa katikati ya vidole viwili. Mbuke, mama wa Kisukuma aliyekuwa akifagia zahanati, akaegemeza ufagio ukutani, akatoa ulimi, akalamba mgongo wa kichwa cha Mfalme, akairudisha stempu. Dresa akaibandika kwenye bahasha na kuigonga kwa ubavu wa ngumi.

“Anayefuata,” akasema.

Ndivyo ilivyokuwa kila Jumamosi. Siku hiyo Dresa hakuangalia wagonjwa mpaka amalize barua: ripoti yake ya wiki kwenda bomani, pamoja na barua za wachimbaji, maana wengi wao hawakujua kuandika na yeye alijua, na alihakikisha hakuna anayelisahau hilo. Walikuwa watu wa kila pembe ya nchi, Waha, Wanyamwezi, Wahaya, wa msikitini na wa kanisani, kila mmoja ana mke au mama mahali fulani anayengoja habari. Wakasimama juani, mwanamume mzima na kofia yake mkononi, wakisubiri stempu zilambwe na mfagiaji.

“Mwacheni,” alisema Onesmo, mchimbaji mmoja asiyeishiwa masihara. “Ulimi wake ameuweka akiba kwa buti za Bwana Mkubwa.”

Wakacheka, ila chini chini, kwa sababu mshika sindano alikuwa ni Athanas huyo huyo.

Dresa ndilo jina walilopewa waganga wasaidizi siku zile, na Athanas alilivaa jina hilo kama alivyolivaa koti lake jeupe, akilifunga vifungo hadi kooni. Alikuwa mtu wa Nyahanga, pale Kahama. Baba yake alilima karanga kama baba za watu wengine, jambo ambalo Athanas hakulitaja. Alilolitaja ni vita. Alichukuliwa jeshini, akatiwa katika kikosi cha kubeba majeruhi, akafika Burma, na huko akafundishwa kusafisha kidonda, kukifunga, na kukiambia kipumzike. Alirudi na soksi ndefu, mkasi mdogo uliopinda ncha, na imani isiyotikisika kwamba kila kidonda duniani ni ndugu yake kidonda cha Burma. Mtu aliyechomwa na mwiba alifungwa bendeji mpaka gotini. Aliyeungua kidole alirudi nyumbani na mkono kama mche wa ndizi.

Kusema alisema kidogo, tena kwa meno yaliyobanwa, kama fundi cherehani aliyeuma pini. Ukimwamkia kwa Kisukuma, “mwangaluka,” anatazama dari. Alitaka “shikamoo,” na wazee waliomzidi kwa miaka ishirini waliliamkia lile koti, naye akawapa “marahaba” nyembamba, iliyopita kwenye ufa wa meno kwa shida. Watu wakasema ni majivuno. Yangekuwa nini tena? Mtu asiyetaka hata mate yake yaguse bahasha!

Mara moja Onesmo alimshauri atumie maji ya bakuli. Athanas akamjibu kwamba maji yanakimbiza gundi, na kwamba yeye Onesmo ashughulike na shimo lake.

Mbuke alikuwa mtu wa namna nyingine. Alikuwa mjane wa miaka kama hamsini, mtoto wa wafugaji wa upande wa Mhunze, aliyeachwa na ukame bila ng'ombe hata mmoja akaja machimboni kushika ufagio. Dharau alikuwa nayo nyingi, naye aliigawa bila upendeleo. Wachimbaji aliwaita fuko wanaolipwa. Wahindi wa dukani aliwaita vipimo vilivyopungua. Athanas, mbele yake, alimwita “Bwana Bendeji.” Ila juu ya zile stempu hakusema neno. Zipora, ambaye macho yake hayakuwa na adabu, aliliona hilo na kulistaajabia: mwanamke mwenye mdomo wa kuchoma nyasi, na kwenye jambo la kudhalilishwa kila Jumamosi anatoa ulimi kimya kimya, kama Mkristo kwenye komunyo.

Zipora hakuwa mtu wa machimbo. Alitoka Mhunze kuja kukaa na dada yake Klara, aliyeolewa na Mihayo, kijana wa kazi ya chini ya shimo. Mapatano yalikuwa kwamba Zipora ambebe mtoto wa dada, na asubuhi ahudhurie shule ya nyasi ya misheni. Mtoto alizaliwa mvua za Machi. Wakamwita Nkwabi.

Nkwabi hakunyonya.

Yaani alijaribu. Alilishika titi, akalivuta mara mbili, likamponyoka kwa sauti kama ya mtu anayesikitika, tsk; akalitafuta tena, likamponyoka tena, mpaka akachoka akalia. Titi la Klara likachanika, naye akawa anamnyonyesha huku ameng'ata kanga. Wiki ya tatu mapaja ya mtoto yalikuwa yamejikunja kama soksi za Dresa zikiteremka.

Hapo akaja Mama Mihayo, mkwe wa Klara, kutoka vijiji vya Shinyanga. Alikuja na kuku, mkeka wake, na akili zake zote, ambazo hazikuwa mzigo mzito. Akamwambia Klara akamue maziwa kwenye kipande cha kibuyu. Akamtafuta sisimizi, akamtia ndani, wakainama wote watatu kutazama. Sisimizi akapiga mateke, akazunguka, akafa.

“Maziwa machungu,” Mama Mihayo akatoa hukumu. “Mtoto ana akili, anaikataa sumu. Lori la mwisho wa mwezi likija, wewe Klara unarudi kwa baba yako. Mjukuu nitamlea mimi kwa maziwa ya ng'ombe.”

“Mama, ataishi kweli bila mimi?” Klara akauliza.

“Na wewe anaishi?”

Mihayo, mume mtu, mpasua miamba, akakuna shingo na kutoka nje kutazama kama kuna mawingu.

Mapokeo hayo ya sisimizi yalikuwa ya watu wengi, wala Mama Mihayo hakuyazua. Lakini Zipora hakutosheka. Alitoka nyuma ya nyumba na sisimizi wake wengine. Mmoja akamtia kwenye maji ya mtungi, akafa. Mwingine akamtia kwenye uji, akafa. Wa tatu akamtia kwenye chai ya Mama Mihayo mwenyewe. Akafa naye, na chai ikanywewa.

“Bibi,” akauliza jioni ile, “maji ya mtungi nayo ni machungu?”

“Kwa nini?”

“Sisimizi amekufa humo.”

Mama Mihayo akamgeukia mwanawe. “Hii shule inawaharibu watoto.”

Zilibaki wiki mbili kabla ya lori. Klara akamfunga mtoto mgongoni, akaenda zahanati, na Zipora nyuma yake akimshikia mwavuli uliokosa vijiti viwili.

Ni lazima kusema kwamba Dresa Athanas, alipokiona kinywa cha Nkwabi, alibadilika. Aliuinua ulimi kwa mpini wa kijiko, akainama kuchungulia. Ulimi ulikuwa umeshikwa kwa chini na uzi wa nyama, mfupi na mkavu, kiasi kwamba mtoto alipolia ncha yake iligawanyika kama moyo badala ya kunyanyuka.

“Umefungwa,” akasema. “Ulimi umefungwa. Ndiyo maana hawezi kulikamata titi. Maziwa yako hayana kosa, mama.”

Klara akaanza kulia kwa nafuu ya sentensi hiyo tu. Na kama Athanas angeishia hapo, angestahili marahaba zake zote.

Akachemsha mkasi, akamfunga mtoto kwenye shuka, akauinua ulimi, akakata. Damu ilikuwa kidogo kuliko ya mbu aliyeshiba. Kisha, kwa uzito wa mtu anayefunga mguu uliopigwa risasi, akakunja kipande cha shashi na kukikandamiza chini ya ulimi.

“Asinyonye leo, kesho, wala kesho kutwa. Mpe maji ya sukari kwa kijiko. Usimguse kinywani. Kidonda kinapumzishwa.”

Akafungua daftari la wagonjwa, akaandika. Zipora, ambaye ndio kwanza anajua kuunga silabi, alinyoosha shingo akasoma: a-me-po-na. Akamtazama Nkwabi. Nkwabi alikuwa amefumba macho, mdomo umejaa shashi, amekasirika mpaka amekuwa mwekundu kama ngeu.

Mbuke alikuwa mlangoni na ufagio. “Ndama akizaliwa na ulimi mzito,” akasema, “kwetu hatumfungi mdomo. Unanawa, unamtia kidole, unausugua ule ulimi, unaunyanyua, halafu unamrudisha chuchuni hapo hapo. Ukimwacha apumzike, anapumzika moja kwa moja.”

“Hii ni zahanati,” Athanas akasema kwa meno yake. “Si zizi.”

“Ndiyo maana ndama wengi wanapona.”

Klara alisikia yote mawili, akaliamini koti. Siku tatu hakumgusa mtoto kinywani. Siku ya nne alimpa titi, na titi likaponyoka vile vile, tsk, ila sasa mtoto hakuwa na nguvu hata ya kulia vizuri. Zipora akauinua ulimi wa mtoto, akachungulia. Pale palipokatwa pameshikana tena. Kidonda kilipumzika kama kilivyoamriwa, na katika mapumziko yake kimejishona. Uzi umerudi, mnene kuliko wa kwanza.

Mama Mihayo akaanza kukunja nguo za mtoto na kuzitia kwenye kikapu chake. Alizikunja polepole, mbele ya Klara, akipiga pasi kila moja kwa kiganja.

Siku ya sita wakarudi zahanati. Ilikuwa Jumamosi, mstari wa barua umefika mlangoni, na Athanas hakutaka hata kumshika mtoto. Alifungua daftari, akaweka kidole penye mstari wake.

“Nimeandika amepona. Kama hanyonyi, huo ni uvivu wa mama.”

“Imeandikwa,” Zipora akasema. “Ila yeye hajasoma.”

Nje mtu akacheka. Onesmo, bila shaka. Athanas akachukua stempu, akainyoosha kando kama kawaida yake. Mkono ukakaa hewani. Ukakaa. Akalazimika kugeuza shingo, na watu wakasema hapo ndipo walipojua kwamba shingo yake inageuka.

Mbuke hakuwa ameipokea. Alikuwa amemchukua Nkwabi, anamtazama kinywani, na alipoinua uso hapakuwa na masihara.

“Athanas,” akasema. Hakusema Bwana, hakusema Dresa. “Stempu zako nimelamba mwaka wa pili sasa. Hata mtoto huyu wa darasa la kwanza alikuuliza. Mimi sijakuuliza hata siku moja. Nimeuliza?”

Athanas akatikisa kichwa.

“Nimemwambia mtu?”

“Hapana.”

“Basi chukua mkasi.”

Zipora alidhani Mbuke anamtishia kuacha kazi. Wote walidhani hivyo. Lakini Athanas alishuka rangi kama mtu aliyeona nyoka kwenye godoro lake, akasimama, akaufunga mlango mbele ya pua za wachimbaji ishirini, akachemsha mkasi. Akakata tena, mahali pale pale. Alipoinama kuchukua shashi, Mbuke alikuwa ameshaikalia.

“Mama Nkwabi, toa titi.”

“Ana damu, mayu,” Klara akasema, akimwita mama kwa Kisukuma.

“Atameza. Ni yake.”

Mtoto akatiwa titini huku analia. Aliponyokwa mara mbili. Mara ya tatu akashika, akavuta, akameza. Na kila mtu chumbani akaisikia ile sauti ya kumeza, ndogo, kama kokoto inayodondoka kisimani. Halafu akachoka, akaacha.

“Huo ni mwanzo,” Mbuke akasema. “Mkasi umefungua mlango. Kutembea hajui. Wiki nne zote alizoishi, na miezi tumboni, ulimi wake ulikuwa kifungoni. Unadhani ukifunguliwa utajua njia ya sokoni?”

Akaanza kuwafundisha, Klara na Zipora pamoja, kwenye kigoda chini ya upenu. Kucha zikatwe mpaka chini. Mikono ioshwe kwa sabuni ya dawa hadi viwiko. Hilo alilitoa kwa Athanas, na alikiri kwamba kwenye sabuni Athanas ana akili. Kabla ya kila kunyonya, kidole chini ya ulimi, pale penye kidonda: nyanyua, hesabu mpaka tano, acha. Rudia. Kidonda kisipate nafasi ya kushikana. Kisha kidole kitembee kwenye ufizi, kulia, kushoto, ulimi ukifuate. Kisha mtoto akinyonye kidole, nyama ya kidole ikitazama juu, mpaka ulimi ujifunze kujikunja kama jani. Ndipo titi. Kidevu kiinuliwe, titi liingie kinywani kwa wingi, si chuchu peke yake. Akichoka, maziwa yanayobaki yakamuliwe kwenye kikombe kilichochemshwa, apewe kwa kijiko, maana mwenye njaa hafundishiki.

“Na akilia?” Klara akauliza.

“Akilia mdomo unafunguka. Ni msaada.”

Mchana na usiku wakafanya hivyo. Klara alipolemewa na usingizi, Zipora alihesabu mpaka tano kwa sauti, na hesabu hiyo ndiyo aliyoijua vizuri kuliko zote darasani. Mama Mihayo alikaa na kikapu chake akitazama, akisema wanamchokonoa mtoto kama mwiko kwenye chungu. Siku ya pili Nkwabi alikosea zaidi ya alivyopata. Siku ya nne mambo yakawa nusu kwa nusu. Siku ya saba Klara aliacha kung'ata kanga.

Lori likaja. Mama Mihayo akapanda na kuku ambaye hakuwa amechinjwa, akanyoosha mikono kumpokea mjukuu. Klara alikuwa amesimama chini, kando ya gurudumu, ananyonyesha. Hakuondoka pale. Mtoto alivuta, akameza, akavuta, akameza, mbele ya abiria wote, na utingo akamwambia Mama Mihayo ashushe mikono, au ndiye anayeongoza gari.

Mihayo, kwa mara ya kwanza tangu aoe, alifungua mdomo mbele ya mama yake. “Mama, nenda salama.”

Mama Mihayo aliketi, akaweka kikapu mapajani, akatazama mbele.

“Sisimizi wa huku ni dhaifu,” akasema, na lori likaondoka.

Ungetegemea kwamba Athanas alijifunza. Athanas! Alichofanya ni kufungua daftari na kuandika “amepona” mara ya pili chini ya ile ya kwanza, kwa wino uliokolea zaidi. Daktari wa bomani alipokuja kukagua, akaona mtoto amenenepa, akasifu. Athanas akagonganisha visigino. Mbuke alikuwa chini ya meza, anafuta wino.

Lakini tangu siku hiyo, akishakata ulimi hakutia shashi tena. Alisema, “Nenda nje kwa yule,” bila kutaja jina, kama anayeonyesha choo. Na nje, chini ya upenu, palikuwa na kigoda, beseni, sabuni, na Mbuke. Habari zikatembea. Wakaja akina mama kutoka vijijini wenye watoto wa wiki moja na wa mwaka mmoja. Akaja hata mtu mzima, Donatus, mchimbaji wa miaka thelathini, ambaye tangu azaliwe alikula ugali akisukuma tonge kwa kidole na aliongea maneno yakijaa kinywani kama pamba. Athanas alimkata. Huyu Donatus, Mbuke hakumtia kidole. Alimpaka asali juu ya mdomo wa juu, akamwambia aifuate kwa ulimi. Halafu pembeni. Halafu ahesabu meno yake kwa ncha ya ulimi, asukume shavu kutoka ndani, apige ulimi kwenye paa la kinywa kama anayemwita punda. Kila siku, mara tano, wiki sita.

“Watu wanacheka,” Donatus alilalamika.

“Wanachekea wapi? Asali wanayo? Lamba.”

Wachimbaji walikuja kumtazama kama watu wanaotazama ngoma. Zipora alikuwepo pia, na yeye ndiye aliyeona kwamba dirisha la nyuma, lililokuwa likifungwa siku zote, sasa limeachwa wazi upana wa kiganja, na kwenye ukingo wake pana vidole vinne. Dresa anapeleleza, akajiambia. Anatafuta kosa la kumfukuzia mfagiaji wake. Akamdharau kwa nguvu mpya. Na Jumamosi ilipofika, mkono wa Dresa ukanyooshwa kando, stempu katikati ya vidole viwili, na Mbuke akalamba.

Miaka ikapita kwa namna hiyo, na dharau ya Zipora ikakua pamoja naye, ikibadilishiwa nguo kila alipopanda darasa. Alipokwenda shule ya bweni ya wasichana aliwasimulia wenzake juu ya mtu anayeogopa mate yake mwenyewe, nao wakacheka mpaka mtawa akaja na taa.

Mwaka 1955, yuko darasa la nane, alirudi likizo na fomu. Ili aendelee na masomo ya ualimu ilitakiwa apimwe, fomu ijazwe, na itumwe kwa posta kabla ya mwezi kwisha. Alikwenda zahanati na Nkwabi, aliyekuwa na miaka saba na ulimi mrefu wa kutosha kumwonyesha mwalimu wake anapogeuka ubaoni. Mbuke alikuwa kwenye kigoda chake chini ya upenu, nywele nyeupe, magoti yamemkataa. Ufagio alikuwa ameshaurithisha mtu mwingine.

“Mwangaluka, mayu.”

“Mwangaluka, mwalimu. Umekuwa mrefu bure. Ingia, Bwana Bendeji yupo.”

Koti la Athanas lilikuwa la manjano sasa, ila vifungo vilifika kooni. Alimpima Zipora, akajaza fomu, akaikunja, akaitia kwenye bahasha. Akachukua stempu, kichwa kilikuwa cha Malkia. Zipora, kwa mazoea ya zamani, akageukia mlangoni kumwangalia Mbuke. Mbuke hakunyanyuka. Alikuwa anakuna goti.

Athanas akaileta stempu kinywani mwake. Ulimi ukatoka, polepole, kama kichwa cha kobe kinachopima hali ya hewa, ukagusa gundi, ukapita mara moja, ukarudi ukapita tena. Akaibandika. Mate yalikuwa mengi mno, na Malkia akateleza akakaa upande upande.

“Ameilamba,” Nkwabi akasema.

“Miezi mitatu ya asali yangu,” sauti ya Mbuke ikatoka nje, “na bado anapaka kama mtoto.”

Macho yake, ambayo bado hayakuwa na adabu, yalikuwa kwenye mdomo wa Dresa. Athanas akainyoosha ile stempu kwa ukucha, kisha akamsogezea bahasha mezani.

“Uliniuliza,” akasema, na meno yake hayakubanwa. Maneno yalitoka mapya, kila moja likikanyaga kwa uangalifu. “Mbele ya watu ishirini uliniuliza. Adabu hukufundishwa. Basi sikia. Ulimi wangu ulikuwa haupiti meno. Ulikuwa umefungwa kama wa huyu mtoto, tangu tumboni. Bibi yangu alitaka kuukata kwa ukucha, nikamng'ata, hakujaribu tena. Jeshini walihesabu meno, chini ya ulimi hawakutazama. Nimekata ndimi za watu miaka yote hii, na kila nikishika mkasi nilijua ninaogopa nini. Mwaka jana daktari wa bomani alinikata, mlango umefungwa, nusura nianguke kitini. Yaliyobaki amefanya yule pale nje, nyuma ya stoo, ili msione. Nilikuwa nasikia mnavyosema kwenye mstari. Nikaona heri mnidharau kwa majivuno. Mtu wa majivuno mlikuwa mnamwogopa kidogo. Mwenye ulimi mfupi mngemcheka tu.”